Kosa la Buku, Mzigo wa Mgeni

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana katika masomo ya uraia, Bunia, Ituri



Tulipotangaza kichwa cha mazungumzo haya, kuna wenye walicheka. Walisema: "Siye wenyewe leta haijatuandika, na wewe unakuja kutuongelesha juu ya wageni wenye kuandikwa mubaya?" Ni ulizo zuri, sitalikimbia. Lakini nitawaomba kwanza tutembee pamoja mpaka ng'ambo ya ziwa, tuende mbali kidogo, kisha turudi hapa nyumbani. Tukirudi mutaona kama jambo hili linatuhusu ao halituhusu.

Tusikilizane kwanza juu ya neno. Leta nyingi ziko na buku ya watu wao. Zamani ilikuwa buku ya kweli, yenye kurasa na wino. Siku hizi iko ndani ya ordinatere, na pale sahihi ilikuwa, sasa kuna alama za vidole na picha ya jicho. Ndani wanaandika jina lako, siku ulizaliwa, wazazi wako, mahali unaishi. Na wanaandika neno moja dogo lenye uzito kupita yote: raia ao mgeni.

Buku inaandikwa na watu, na watu wanakosea. Hiyo si ajabu. Kuna Mugisa anaandikwa Mugisha. Kuna mama mwenye hajui tarehe ya kuzaliwa, ajenti anamuandikia 1 Januari ili amalize haraka, mstari ni murefu na jua ni kali. Kama wewe ni raia, kosa hilo litakusumbua. Utapanda na kushuka ngazi za komine, utalipa pesa mwenye hakupaswa kulipwa, utatukanwa kidogo, lakini jioni utalala kwako. Kama wewe ni mgeni, kosa lile lile linaweza kukuondolea chakula, masomo ya mtoto, kazi, hata haki ya kubaki katika inchi. Wino ni mmoja. Kosa ni moja. Kile kinachobadilika ni nani analazimishwa kuleta ushuhuda. Hilo ndilo neno langu la leo, mengine yote ni mifano.

Tuanze karibu. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, vijiji vya Djugu vilikuwa vinawaka moto. Makumi ya maelfu ya watu wetu walipanda mitumbwi huku Tchomia na Kasenyi, wakavuka Ziwa Albert. Wengi walitokea Sebagoro, kisha wakapelekwa Kyangwali na Kyaka II. Kuna wenye walizama njiani. Kuna wenye walifika salama, halafu kolera ikawakuta kule mwezi wa pili. Sihitaji kuwaeleza zaidi. Ndani ya chumba hiki kuna watu wenye wako na ndugu kule mpaka leo.

Basi, mwezi ule ule wa pili 2018, habari ilitoka kwamba hesabu ya wakimbizi wa Uganda haikuwa ya kweli. Buku ya wakimbizi ilikuwa inashikwa na biro ya Waziri Mkuu wa Uganda, na ilikuwa inasema wakimbizi ni milioni 1.4. Wakubwa wengine wa biro ile walisimamishwa kazi. Wenye kutoa misaada wakauliza: chakula tunacholipia kinaliwa na watu ao na majina? Kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa kumi, serikali ya Uganda pamoja na HCR walirudilia hesabu mutu kwa mutu, kambi kwa kambi, vidole kumi na macho mawili kwa kila mwenye kufikia miaka 5. Walipomaliza, watu waliohakikishwa walikuwa karibu milioni 1.1. Robo ya buku haikuonekana.

Hapa tusimame, juu wengi walisikia hesabu hii na wakafunga masikio. Walisema: "Munaona? Wakimbizi ni wezi." Lakini robo ile si mutu mmoja, wala si aina moja ya watu. Kuna majina hewa, yaliyoandikwa ili mtu fulani ale pesa. Kuna watu wa kweli waliorudi nyumbani ao waliohamia mji mwingine, na hakuna aliyefuta jina lao. Kuna waliojiandika mara mbili, katika kambi mbili. Tuseme ukweli hata kama unauma: na Wakongomani wenzetu walifanya hivyo, wengine kwa njaa, wengine kwa ujanja. Kuna wagonjwa na wasafiri, wenye hawakufika siku jina lao liliitwa. Buku haijui kutenganisha hawa wote. Kwake, wote ni mstari mmoja wenye haukupata kidole.

Kurudilia hesabu ilikuwa lazima, sikatai. Buku yenye majina hewa inamuibia mkimbizi wa kweli. Ninachosema ni hiki: uongo ulianza kwa meza ya wakubwa, lakini mstari wa kuhakikishwa ulisimamisha mama mwenye mtoto mgongoni.

Tuchukue mfano. Sitaji mtu, ni mfano tu, lakini munijulishe kama haufanani na yale munayasikia kwa simu. Mama mmoja amekimbia na watoto wanne na mtoto wa dada yake aliyeuawa. Kwa kuandikwa, mtoto wa dada ameandikwa kama wake, juu hakuna wakati wa kueleza. Baadaye mtoto anasema kwa masomo kwamba mama yake alikufa. Sasa kwa buku kuna mambo mawili yasiyopatana. Wanamuuliza mama: huyu ni wako ao si wako? Akisema ni wangu, amedanganya. Akisema si wangu, alidanganya mwanzo. Wanamuomba kartasi ya kuzaliwa ya mtoto. Kartasi iko wapi? Kama ilikuwako, iliungua pamoja na nyumba. Na kwa nani ataomba ingine? Kwa komine ya mahali alipokimbia? Kwa ambasade ya inchi aliyoikimbia? Mkimbizi kwa maana yake ni mtu mwenye hawezi kurudi kuomba kartasi. Sasa kumuambia "leta kartasi ya kwenu" ni kumfunga mikono, halafu kumuambia apige makofi.

Kuna pia mambo madogo yanayozaliwa na buku. Laini ya simu, kwa mfano. Uganda walipokaza sheria ya kuandikisha laini, kitambulisho kilichoombwa kilikuwa cha raia. Mpaka 2019 wakimbizi wengi walikuwa wanatumia laini yenye jina la mtu mwingine, ndipo ruhusa ikatoka waandikishe kwa kartasi zao za ukimbizi. Munaweza kusema laini ni kitu gani. Ni pesa mwenye kaka anatuma. Ni sauti ya mama. Na ukitumia laini ya jina la mwingine, siku polisi anakukamata wewe ndiye mwenye kosa, ingawa kosa lilianza kwa buku isiyokuwa na nafasi yako.

Sasa kuna mwenye atasema: hayo ni mambo ya Afrika, kwa wazungu buku zimenyooka. Twende basi Ujerumani. Ile ni inchi inayojulikana kwa kuandika kila kitu. Ukihama nyumba Ujerumani, unapaswa kwenda kwa biro kujulisha. Mwaka 2011 walifanya hesabu ya watu, na matokeo yalitoka 2013. Walijikuta milioni 80.2, chini kwa watu kama milioni 1.5 kuliko walivyofikiri. Na kati ya wale milioni 1.5 waliokosekana, karibu milioni 1.1 walikuwa wageni. Wageni walikuwa wachache kati ya watu wa Ujerumani, lakini sehemu kubwa ya kosa ilikuwa juu yao. Kwa nini? Mgeni anafika, anaandikwa, juu bila kuandikwa hapati nyumba wala kazi. Siku anaondoka, mara nyingi hapiti kwa biro kusema kwaheri. Jina linabaki. Kwa hiyo miaka mingi wanasiasa na wenye magazeti walikuwa wanahesabu wageni wenye hawako. Mkisikia mutu anasema "wageni wametujaa", muulize kwanza anasoma buku gani.

Hiyo ni aina ya kwanza ya kosa: kuhesabu wenye hawako. Kuna aina ya pili yenye ni mbaya kuzidi: kufuta wenye wako.

Slovenia ni inchi ndogo ya Ulaya, yenye watu kama milioni 2. Zamani ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Mwezi wa sita 1991 ilijitangazia uhuru. Watu waliotoka sehemu zingine za Yugoslavia na walikuwa wanaishi pale walipewa miezi sita waombe uraia. Wengi waliomba na walipewa, zaidi ya laki moja na nusu. Wengine hawakuomba. Kuna waliofikiri hawana haja, juu walizaliwa pale pale. Kuna waliokosa kartasi, kuna waliokataliwa. Tarehe 26 Februari 1992, wale waliobaki walitolewa kwa buku ya wakaaji wa kudumu. Hesabu iliyokuja kukubaliwa na serikali yenyewe ni watu 25,671. Ni kama mtu 1 kwa kila 100 wa inchi ile.

Hakuna barua iliyotumwa. Mtu alijua siku alienda kwa dirisha la biro kwa jambo lingine, kubadilisha kitambulisho ao kuandikisha mtoto, na ajenti akachukua kartasi zake akazitoboa mbele ya macho yake. Aliingia kama jirani, akatoka kama mgeni asiye na ruhusa. Kazi ikaisha, dawa ya bure ikaisha, wengine walifukuzwa inchi, wengine walitoka kwa matembezi na wakakataliwa kurudi kwa mpaka. Watu hawa wanaitwa mpaka leo "waliofutwa".

Angalieni ni muda gani ilichukua kurudisha kalamu. Mahakama ya Katiba ya Slovenia yenyewe ilisema 1999 kwamba kufuta kule kulivunja katiba. Ikarudilia 2003. Mwaka 2004 wakapigia kura sheria ya kuwarudisha sehemu ya watu wale, na karibu watu 95 kwa 100 kati ya waliopiga kura wakakataa. Ndipo waliofutwa wakaenda Tribinali ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 26 Juni 2012 wakashinda. Sheria ya kuwalipa ilifuata: euro 50 kwa kila mwezi mtu aliishi amefutwa. Na Prezida wa inchi aliomba msamaha kwa jina la leta mwaka 2022. Hesabuni wenyewe. Kufuta kulichukua siku moja. Kuomba msamaha, miaka 30. Kuna wenye walikufa katikati.

Aina ya tatu ya kosa: kumuandika mtu upande usio wake. Kwa hiyo turudi Afrika, kaskazini-mashariki ya Kenya. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 kwa wakimbizi wa Somalia. Karibu na kambi kuna Wakenya wenye asili ya Kisomali, watu wa ufugaji. Ukame ulipokuja na mifugo ikafa, walitazama ndani ya kambi wakaona chakula, masomo, hospitali. Wengi waliingia kujiandika kama wakimbizi, wengine waliandikwa na wazazi wakiwa watoto wadogo. Miaka ilipita. Mtoto akafikia miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya. Akaweka kidole kwa mashine. Mashine ikasema: huyu ni mkimbizi. Makumi ya maelfu walikwama hivyo. Bila kitambulisho hakuna kazi ya leta, hakuna benki, hakuna kupita kizuizi cha polisi bila kusumbuliwa. Ni raia kwa damu na kwa ardhi, lakini kwa vidole ni mgeni. Na kidole, wandugu, hakibadilishwi kama jina.

Munaona sasa kitu kimoja kinachorudi kila mahali? Kwa raia, buku ni ushuhuda kati ya ushuhuda mwingi. Ikikosea, shefu wa kata atakuja kusema "huyu namujua, baba yake alikuwa anauza samaki hapa". Padiri atasema, mwalimu atasema. Kwa mgeni, buku ndiyo ushuhuda peke yake. Hana shefu, hana mjomba kwa komine. Jina lake limeandikwa na mtu asiyesikia lugha yake. Anahama kila mara, na kila kuhama kunazaa kosa. Anaogopa kuingia biro kulalamika, juu anaweza kuulizwa maulizo mengine. Na akiingia, yeye ndiye anaambiwa aonyeshe kwamba ordinatere imekosea, wakati ordinatere yenyewe haiombwi kuonyesha kitu.

Sasa nijibu ulizo la mwanzo. Leta haijatuandika sisi, ni kweli. Hesabu ya mwisho ya watu wa inchi hii ilifanywa 1984. Wengi wenu hapa hamukuwa mumezaliwa, na mimi pia. Tangu kura za 2005 na 2006, karte ya mchaguzi ndiyo tunatembea nayo kama kitambulisho. ONIP, biro ya kutambulisha raia, iliundwa 2011. Kitambulisho kipya kilionyeshwa Kinshasa mwezi wa sita 2023, na Prezida ndiye alipokea cha kwanza. Sisi wa huku, wengi wetu bado tunasikia habari yake kwa redio. Kwa watoto, uchunguzi wa 2017-2018 ulionyesha kwamba karibu watoto 4 tu kwa 10 wenye chini ya miaka 5 ndio walikuwa wameandikishwa kuzaliwa.

Lakini ni kwa sababu buku yetu haijaandikwa ndiyo tunapaswa kuongea leo. Buku ikishamalizwa, kosa linakuwa jiwe. Na hapa kwetu, mashariki, tunajua vizuri kuliko Waslovenia neno "mgeni" linaweza kufanya nini. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda-Urundi na kukaa Kivu mbele ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta uamuzi ule. Watu walilala raia, wakaamuka hawajui ni nani. Sheria ya 2004 ilikuja kupanga tena mambo ya uraia. Katikati ya hizo sheria, munajua damu gani ilimwagika. Kuna wenye wamechukua silaha wakisema wanatetea uraia, na kwa silaha ile wakaua raia. Tunawakataa, leo na kesho. Lakini kukataa bunduki si kukataa ulizo. Kusema nani ni raia na nani si raia ni kazi ya sheria na ya tribinali. Siyo kazi ya ajenti mwenye haraka, wala ya kijana wa barabarani mwenye anaangalia pua ya mtu.

Na wageni tunao kweli. Inchi hii inapokea wakimbizi zaidi ya laki 5, kutoka Afrika ya Kati, Rwanda, Sudani ya Kusini, Burundi. Hapa Ituri, kule Aru, kuna Biringi, kambi ya watu wa Sudani ya Kusini. Wanashikwa kwa buku ya CNR, biro ya leta juu ya wakimbizi. Kartasi yao ikiharibika, ikiandikwa mubaya, ikifika mwisho wa tarehe, wanakutana na vizuizi vile vile munavyovijua, na askari wale wale. Sisi tunalia juu ya ndugu zetu wa Kyangwali. Je, mama wa Biringi tunamlilia? Mtu mwenye anaomba Uganda ihurumie Mkongomani mwenye jina limekosewa, halafu anafurahi Msudani akikamatwa kwa kartasi yenye kosa, huyo hataki haki, anataka zamu.

Kwa hiyo, kama movema ya raia, tunasema mambo haya matano, na tunayasema mbele ya karte kufika.

La kwanza: kila mtu, raia ao mgeni, aweze kuona kile kimeandikwa juu yake, bure, na asomewe kwa lugha anayoisikia. Mbele ya kuweka kidole, asikie mustari wake wote.

La pili: kosa lisahihishwe karibu, kwa komine, kwa sheferi, kwa kambi. Siyo Kinshasa. Na kuwe na tarehe: ukiomba leo, ujibiwe kwa siku 30, kwa maandishi. Sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 tayari inalinda habari za mtu. Sasa ipewe meza, kiti na ajenti.

La tatu: hakuna kufuta mtu kimya. Asitolewe mtu kwa buku bila barua, bila sababu, bila nafasi ya kujibu. Slovenia imetufundisha.

La ine: wakati mabishano hayajaisha, mtu abaki na haki zake. Mtoto aendelee kusoma, mgonjwa aendelee kutibiwa. Ikiwa buku na mtu hawapatani, mwenye buku ndiye alete ushuhuda kwanza.

La tano: alama za vidole za mkimbizi zisivuke mpaka kurudi kwa serikali aliyoikimbia. Hata kwa urafiki, hata kwa mkataba, hata kwa usalama.

Hayo ni ya kuomba leta. Sasa yetu sisi wenyewe, juu ni rahisi kuomba na kwenda kulala.

Wenye muko na ndugu ng'ambo ya ziwa, pigeni simu wiki hii. Waulizeni jina lao limeandikwa namna gani, herufi kwa herufi, na mbaki na namna moja tu. Wajulishe mtoto akizaliwa, mtu akifa, mtu akihama. Wachukue picha ya kila kartasi na kuwatumia, ile moto ukipita, kopi ibaki. Na waambieni wazi: musijiandike mara mbili, musiuze karte, musimkopeshe mtu kidole. Kilo chache za mahindi leo zinaweza kumfunga mtoto wako akifikia miaka 18. Vijana wa Garissa ni mashahidi.

Wenye muko na mtoto mchanga hapa Bunia, kodi ya familia inasema siku 90 za kumuandikisha bila kulipa. Wakikuomba pesa ndani ya siku zile, kuja kwetu, twende pamoja wawili watatu. Mtu mmoja wanamfukuza, watu watatu wanawauliza wakae.

Na wenye diplome, nawaongelesha ninyi kabisa. Tuko wengi katika mji huu wenye tumemaliza iniversite na hatuna kazi, mimi ni mmoja. Kalamu tuko nayo, na wakati tuko nao mwingi kuliko tulivyotaka. Kuanzia mwezi ujao, kila siku ya posho saa tatu, tutaweka meza hapa hapa. Mwenye kosa kwa kartasi yake akuje, tumuandikie barua ya kusahihisha, tuweke kopi, tuandike tarehe barua iliingia biro na tarehe jibu lilitoka. Hatutauliza kabila. Hatutauliza inchi. Msudani akikuja, tutamuandikia. Mnyarwanda akikuja, tutamuandikia. Hema na Lendu watakaa kwa benchi moja kungojea zamu yao. Baada ya miezi sita tutakuwa na orodha yetu, na tutaipeleka kwa gavana, kwa ONIP na kwa CNR, tuwaonyeshe buku yao inakosea wapi.

Ninahitaji watu sita wenye mwandiko wa kusomeka na watatu wenye kusikia Kiarabu cha Juba, Alur ao Kinyarwanda. Kartasi ya kuandika majina iko pale kwa mlango. Mukijiandika, muangalie vizuri jina lenu, na mukiona kosa mulisahihishe pale pale.